Simu ya Mama Phoebe

Simu ya mzee Osundwa ndiyo iliyokataa kwanza. Akaitikisa kama kiberiti kilichoingia maji, akaipangusa kwenye koti lake, kisha akamrudishia Chepkoech, binti aliyewawekea programu ya kupimia mahindi. Gunia la mzee lilikuwa limekaa juu ya mizani, na mizani yenyewe ikionyesha kilo zake bila wasiwasi. Lakini kwenye kioo cha simu palikuwa na maneno mekundu tu: Mizani haipatikani.

"Haipatikani namna gani, na mimi naiona?" Osundwa akauliza. "Hii hapa. Hata nimeikanyaga."

Wakulima waliokuwa wamepanga foleni nje ya ghala la chama pale Chekalini wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyejifunga leso kiunoni akasogea, akanyoosha simu yake.

"Yangu pia imesema hivyo. Binti, labda mizani imehama bila kutuaga?"

"Imeolewa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Chepkoech alicheka nao kidogo, maana kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Aliichukua simu ya mama yule, akaitoa programu, akaiweka upya. Maneno yale yale mekundu. Akajaribu simu ya tatu, nayo ikakataa. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, na wenye mikokoteni waliokodishwa walikuwa wakinung'unika. Mwishowe karani wa chama akatoa kitabu chake cha risiti na kalamu, akaanza kuandika kwa mkono kama ilivyokuwa zamani. Foleni ikasonga, na hapakuwa tena na mtu aliyemtazama Chepkoech, jambo lililomuumiza kuliko mzaha.

Clifford, kijana wa kampuni aliyetoka Eldoret asubuhi hiyo, alimvuta pembeni. Hakufoka. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Uliniambia umepima."

"Nimepima. Kila kipande peke yake, kama tulivyokubaliana."

"Kwenye simu gani?"

"Ya mama mkwe. Ni kama hizi tu za wakulima, ndogo, haibebi vitu vingi."

"Na ikakubali?"

"Kila mara, Clifford. Haijawahi kukataa hata siku moja."

Clifford akajikuna shingo. "Mimi nakuamini. Lakini umeona vile wameenda kwa kitabu. Nitarudi Ijumaa. Ikikataa tena, itabidi uhamie Eldoret, upimie ofisini. Kule tuna kabati zima la simu ambazo hazijaguswa. Kama huwezi kuhama, kazi nitampa mtu aliye huko. Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya," Chepkoech alisema, na akashika njia ya nyumbani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba aieleze. Programu ya kwanza ya kupima mahindi ilikuwa moja, nzima na nzito. Titus, mume wake, ndiye aliyeiandika akiwa bado chuoni, kwa ajili ya wakulima hawa hawa. Kampuni ilipoinunua, ikaona simu nyingi za vijijini haziwezi kuibeba. Ndipo ikaamuliwa igawanywe: injini ndogo inayoendesha vipande vingine, halafu kipande cha mizani, kipande cha unyevu wa mahindi na kipande cha risiti, kila kimoja kimefungwa kwenye kifurushi chake. Mkulima anachukua injini na mizani, basi. Karani anaongeza cha unyevu. Kazi ya Chepkoech ilikuwa kukifunga kila kifurushi na kuhakikisha kimebeba vyote kinavyohitaji, ili kikifika kwenye simu tupu kisikwame.

Titus alikuwa Doha. Alipoondoka walikubaliana Chepkoech abaki kwa wakwe zake, afanye kazi hapo hapo nyumbani mpaka atakaporudi. Were, ndugu yake Titus, alikuwa ameshaenda Nairobi. Lynette, mdogo wao, alikuwa ameolewa Butere. Chepkoech akienda Eldoret, nyumba ile ingebaki na wazee wawili na kuku.

Mzee Hezekiah Shikanga, baba yake Titus, alikuwa ameketi kibarazani akipukuchua mahindi. Alikuwa mtu wa mtindo wa zamani. Kwake yeye, heshima kati ya baba na mkaza mwana ilimaanisha kutopeana mkono, kutokaa meza moja, na kutozungumza ana kwa ana kama kuna mtu mwingine wa kupitishia maneno. Chepkoech, aliyekulia kwa Wakalenjin upande wa pili wa mto, mwanzoni alidhani mzee hampendi. Titus alikuwa amecheka sana aliposikia hivyo. "Anakupenda sana," alimwambia, "ndiyo maana hata hakutazami."

"Muulize mkaza mwana," mzee alimwambia mkewe sasa, na Chepkoech amesimama hapo hapo mbele yake, "huko kwa chama wamesemaje?"

Mama Phoebe akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Baba anauliza wamesemaje."

"Mwambie imekataa."

"Anasema imekataa."

"Nimesikia," mzee akasema, akaendelea kupukuchua.

Habari ya Eldoret Chepkoech hakuitaja. Aliimeza pamoja na chai.

Alifanyia kazi kwenye meza kubwa ya sebuleni, meza ambayo Mama Phoebe alikuwa akiisifu mara kwa mara. Hapa ndipo walipokaa wote, aliwahi kumwambia. Hapa Were alikuwa akisukumana na Lynette kwa sababu ya paja la kuku, hapa Titus alimwaga uji juu ya kitabu cha jirani. Mama Phoebe akizungumza habari hizo alipapasa mbao za meza kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe. Sasa upande mmoja palikuwa na laptopu ya Chepkoech, na upande mwingine hapakuwa na kitu.

"Mama, naomba simu tena."

"Si ulipima jana?"

"Nataka kuona kwa nini kwako inakubali na kwa wengine inakataa."

Mama Phoebe alichelewa kidogo kuitoa mfukoni. "Basi isichelewe. Jioni nina shughuli nayo."

Chepkoech aliondoa vifurushi vyote. Akaweka injini peke yake, ikawaka. Akaweka kifurushi cha mizani juu yake, akaiwasha mizani ndogo ya majaribio aliyopewa na kampuni, akaweka jiwe la kusagia. Simu ikaliona jiwe papo hapo, na uzito wake ukajiandika kwa rangi ya kijani. Akatoa, akarudia. Kijani. Akabadilisha utaratibu, akarudia. Kijani. Alikuwa akitamani ikatae, na yenyewe ilikuwa ikikubali kama mtoto anayeitikia kila anachoulizwa.

Mchana wa Jumatano alianza kukunja nguo zake. Alizikunja polepole, akiziweka kwenye begi aliloingia nalo siku ya kwanza, huku mlango ukiwa wazi kwa sababu kuufunga kungeonekana ni kununa. Alifikiria chumba cha kupanga Eldoret, na ukuta wa jirani. Alishangaa kuona kwamba anachokionea uchungu ni vitu vidogo: harufu ya mahindi mabichi kwenye paa, na Mama Phoebe akizungumza na sufuria zake.

Jioni alipotoka kuanua nguo kambani, mzee Hezekiah alikuwa kibarazani peke yake. Mama Phoebe hakuwepo wa kupitishia maneno. Mzee alilitazama begi lililoonekana kupitia mlangoni, akakohoa, kisha akamgeukia kuku mwekundu aliyekuwa akidonoa miguuni pake.

"Wewe kuku," akasema.

Kuku akainua kichwa. Chepkoech naye akasimama.

"Wewe kuku huna akili. Ungekuwa na akili ungejiuliza swali moja. Mama wa nyumba hii anaendanga ghalani kila jioni na simu. Anaenda kufanya nini? Mahindi hayapigiwi simu."

Kuku akaendelea kudonoa. Mzee akamtupia punje.

"Lakini wewe unakula tu. Hata mtu akirudisha kwa simu kitu kilichofutwa, wewe hujui."

Chepkoech aliziacha nguo kambani.

Ghala la nyumbani lilisimama nyuma ya jiko, juu ya miguu ya mbao. Kabla hajafika mlangoni alisikia watu ndani, watu wengi, na kwa dakika nzima alidhani wageni wamekuja bila yeye kujua. Kiti kilikuwa kikiburutwa. Msichana alikuwa akicheka kwa kujizuia.

"Gunia moja, kilo tisini," sauti ya Titus ikasema, ya Titus mdogo, yenye madaha ya mtangazaji.

"Sema na pua!" yule msichana akasema.

"Lynette, nyamaza. Narekodi. Gunia mbili, kilo mia na—"

Hapo mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha mzee Hezekiah.

"Baba, tafadhali!"

"Kwani hiyo mashine inarekodi hata kikohozi?"

"Limejaaa! Gunia limejaaa!" huyo alikuwa Were, na kila mtu akacheka, mfuniko wa sufuria ukaanguka mahali fulani, na sauti ya Mama Phoebe ikaja kutoka mbali, yenye nguvu: "Njoni mle! Hiyo mashine haitawapikia!"

Mama Phoebe mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gunia, simu yenye sauti ya juu karibu na sikio, macho yamefumbwa. Alipoyafumbua na kumwona Chepkoech, alifanya kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Nilikuwa nasikiza nyimbo za kanisa," akasema.

"Ndiyo, mama."

Chepkoech akaketi juu ya gunia la pili. Halafu Mama Phoebe akamnyooshea simu.

"Ni ile programu ya Titus, ya zamani. Ya kujaribia, yenye sauti zetu ndani, kabla hajawapa wakulima ile nzuri. Uliponiambia umeifuta nikalia. Were akanielekeza: mama, fungua memori kadi, bonyeza hapa, bonyeza pale. Ikarudi. Nikaificha penye nyimbo za kanisa letu, najua wewe ni wa kanisa lingine, huwezi kufungua."

Chepkoech alifungua. Ilikuwepo, nzima, na vipande vyake vyote. Alielewa kabla hata ya kuwasha laptopu. Kifurushi chake cha mizani kilikuwa na pengo. Kipande kidogo kinachozungumza na mizani alikuwa amekisahau nje. Lakini kwenye simu hii, kifurushi kila kilipokikosa kipande hicho kilikikuta kwenye programu ya zamani, kikakitumia bila kusema. Kwa Osundwa hapakuwa na cha kuazima.

Alieleza hivyo kwa maneno mepesi. Mama Phoebe alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hivyo ni mimi nimekuaibisha mbele ya kina Osundwa."

"Si wewe, mama. Ningetazama vizuri."

"Ni mimi." Akatazama chini. "Na lile begi?"

Ikabidi aseme. Akasema habari ya Ijumaa, ya Eldoret na kabati la simu. Alipomaliza, Mama Phoebe alivuta kitambaa cha kichwani mpaka kikafunika paji la uso.

"Nimekaa hapa nikiwasikiza walioenda," akasema, "na kumbe nafukuza aliyebaki."

Chepkoech hakutaka kulisema lililofuata. Lilimtoka lenyewe.

"Mimi humo simo."

"Ulikuwa hujaja."

"Najua."

"Na tangu uje, mwanangu, ungekuwemo kweli? Niambie. Nasikianga tu vidole vyako kwa mashine. Nikikuuliza kama umeshiba, unaitikia kwa kichwa. Jirani aliniuliza sauti yako ikoje, nikashindwa kumwambia."

Chepkoech alihisi masikio yakipata moto. "Naogopanga kukosea Kiluhya."

"Kosea basi! Tucheke. Ulidhani tutakula nini hapa, adabu?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamfanya Chepkoech apate ujasiri. Alisema anaweza kuzitoa zile sauti ndani ya programu, azihifadhi peke yake, kisha amrudishie kwenye simu bila kuharibu kazi. Si jambo gumu, lingemchukua muda mfupi.

Mama Phoebe alifikiri.

"Zitoe. Ziweke kwa mashine yako, Titus akirudi azikute. Lakini kwangu usirudishe."

"Kwa nini, mama? Hazitaharibu kitu."

"Juzi Lynette alinipigia. Nikaiacha simu ilie mpaka ikanyamaza, nikarudi kusikiza. Unajua nilikuwa nasikiza nani? Lynette." Akatikisa kichwa. "Mtoto yuko Butere ananiita, na mimi niko hapa nasikiza akiwa wa sekondari. Hapana. Zitoe."

Walirudi kwenye meza kubwa. Chepkoech alihamisha sauti zote, akamwonyesha Mama Phoebe ziko wapi, kisha akamwekea kidole mahali pa kufuta. Simu ikauliza kama ana hakika.

"Inauliza nini hii?"

"Kama una hakika."

"Ina maswali mengi," Mama Phoebe akasema, akabonyeza, akaugeuza uso upande wa dirisha.

Sasa simu ilikuwa tupu kweli. Chepkoech akaweka injini. Akaweka kifurushi cha mizani. Akaliweka jiwe la kusagia, akangoja. Maneno mekundu yakajitokeza: Mizani haipatikani.

"Imekataa!" akapiga kelele. "Mama, imekataa! Imekataa!"

Alikuwa amesimama bila kujua, akipiga meza kwa viganja. Nje mzee Hezekiah aliacha mahindi yake, akaja mpaka dirishani.

"Ni nyoka? Muulize mkaza mwana kama ni nyoka!"

"Si nyoka," Mama Phoebe akajibu, akijifuta macho na kucheka kwa pamoja. "Anafurahi imekataa."

"Anafurahi imekataa?"

"Ndiyo."

Mzee akasimama hapo akilipima jambo hilo. "Na juzi alihuzunika imekataa."

"Huko kulikuwa kukataa kwingine, baba," Chepkoech akasema, na ni baadaye tu alipotambua kwamba amemjibu moja kwa moja. Mzee alijifanya hakusikia, akarudi kwa kuku wake.

Kipande kilichosahauliwa kilikuwa kidogo, lakini hakikuingia kwa urahisi. Alikifunga ndani, kifurushi kikakataa kwa sababu nyingine. Akaitafuta hiyo nayo. Kila alipomaliza kurekebisha, Mama Phoebe mwenyewe aliisafisha simu, akihakikisha mpaka kwenye nyimbo za kanisa, kisha akaipitisha mezani kama daktari anayepokezana kisu na mwenzake. Alhamisi mchana kijani kilijitokeza, na safari hii hapakuwa na kitu kingine chochote ndani ya simu cha kukisaidia. Chepkoech akavijaribu na vile vifurushi vingine kwa njia hiyo hiyo. Cha risiti nacho kilikuwa na pengo. Cha unyevu kilikuwa sawa.

Ijumaa, pale ghalani kwa chama, mzee Osundwa aliitoa simu yake shingo upande. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu atakavyosema ikikataa, na walikuwa wamesogea wamsikie. Gunia likapanda mizani. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ikaandika kilo za gunia kwa kijani. Osundwa akaitazama simu, akaitazama mizani, akarudi kwa simu.

"Sasa nitawaambia nini hawa watu?" akalalamika.

Ya mama mwenye leso ikakubali. Ya jirani yake ikakubali, hata ile yenye kioo kilichopasuka. Karani alikirudisha kitabu chake chini ya meza. Clifford alizunguka na simu yake mwenyewe, akaandika jambo, halafu akamjia Chepkoech.

"Ilikuwa nini?"

"Simu niliyopimia haikuwa tupu."

"Na sasa?"

"Sasa ni tupu. Mwenye simu ameisafisha mwenyewe."

"Basi endelea kupimia huko huko kwenu," Clifford akasema. "Vifurushi vya kahawa vinakuja mwezi ujao. Nitakutumia."

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mama Phoebe alikuwa jikoni, akisonga obusuma, ugali wa jioni, simu yake imelala juu ya kabati, kioo chake kimezimika. Jiko lilikuwa kimya hivi kwamba Chepkoech alisikia mwiko ukikwaruza kando ya sufuria. Wakati mwingine angepita, atabasamu, aende kuwasha laptopu.

"Umebaki?" Mama Phoebe akauliza bila kugeuka.

"Nimebaki, mama."

Mwiko ukasimama, ukaendelea.

"Sasa nguo utazitoa kwa hilo begi, ama bado linakungoja?"

"Nitazitoa."

Chepkoech akavuta kigoda, akaketi karibu na moto. Hakujua mtu huanzia wapi. Akaanza kwa Kiluhya, akakwama kwenye neno la pili, akaruka kwa Kiswahili, akarudi. Alisimulia jinsi Osundwa alivyokuja na maneno yake ya dharau tayari mdomoni, na jinsi yalivyokosa pa kwenda. Akainuka kuonyesha vile mzee alivyokuwa akitazama simu na mizani, simu na mizani, shingo kama bata mzinga. Mama Phoebe alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Alisemaje? Rudia. Alisemaje?"

Chepkoech akarudia, na safari hii akaongeza sauti ya Osundwa yenyewe, ile inayotoka puani. Mama Phoebe akajishika mbavu.

Kutoka kibarazani mzee Hezekiah akakohoa.

"Mwambie aseme kwa sauti," akaita. "Wengine tuko huku nje."

Mama Phoebe akageuka kumpitishia maneno, kama kawaida. Lakini Chepkoech alikuwa ameshavuta pumzi, na akaanza upya toka mwanzo, kwa sauti.